Zamu ya Kuunga Mkono

Kazi yangu ni kukaa na kamati. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, wakidhani ni kazi ya kunywa chai na kutia sahihi daftari la waliohudhuria. Chai ipo, sikatai. Lakini kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na kazi hizi mbili zinafanana kuliko unavyodhani. Mtoto anaposhindwa na hesabu, mara nyingi shida haiko kwenye kujumlisha. Hakulielewa swali, na aliona haya kuuliza. Viongozi wa kikundi nao ni hivyo hivyo, ila wao wana mhuri.

Kamati ninayotaka kuisimulia ilikuwa na watu sita na vyumba viwili. Chumba kimoja kiko Makina, Kibera, hatua chache kutoka msikitini. Kingine kiko Kawangware, karibu na kituo cha matatu kiitwacho 56, nyuma ya maduka ya mabati na misumari. Humo watoto wachanga hulelewa mchana, mama zao wakiwa kazini. Zamani vilikuwa vikundi viwili mbalimbali. Vikaungana, vikachagua kamati moja, watatu kutoka kila upande, na kamati ikajiwekea lengo. Lengo hilo liliandikwa kwa kalamu nene nyekundu kwenye karatasi ya manila, likabandikwa ukutani kule Makina: KITUO KIMOJA KIKUBWA, MAKINA, KABLA YA DESEMBA. Familia moja ya pale ilikuwa tayari kuwakodisha nyumba ya vyumba vinne. Watoto wote wangehamia humo, na mwisho wa Novemba ufunguo wa chumba cha Kawangware ungerudishwa kwa mwenye nyumba.

Mwenyekiti alinipigia simu mwezi wa nane. Ni mama wa makamo, watu wake ni wa upande wa ziwa, na ameishi Makina miaka mingi kama mpangaji. Kila mtu humwita Madam, hata mumewe.

“Mwalimu, njoo unisaidie,” aliniambia. “Lengo tunalo, kamati tunayo. Lakini kuna mtu anavuta breki.”

“Nani?”

“Naibu wangu, yule wa Kawangware. Tulimpa kazi moja tu, awaambie akina mama wa kwake kwamba tunahama, halafu atuletee orodha ya watakaokuja. Miezi mitatu sasa. Kila nikimuuliza ni ‘Ndiyo, Madam.’ Halafu kimya.”

Nilikwenda. Mkutano ulifunguliwa mara mbili, kama ilivyo kawaida yao. Katibu, fundi cherehani mzaliwa wa Makina ambaye babu yake na baba wa babu yake wamezikwa hapo hapo Kibera, aliomba dua fupi. Kisha mama mmoja mzee wa Kawangware, ambaye wote humwita Shosho, yaani nyanya, akaomba sala ndefu iliyopita kwa wagonjwa, wafiwa, madereva na serikali. Tulipofungua macho chai ilikuwa imeanza kupoa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu, na nalisimulia kwa sababu ni kosa ambalo sisi wa kazi hii hulifanya tukiwa tumevaa vizuri. Nililitazama lile lengo ukutani nikaona limeandikwa wazi, lina mahali, lina tarehe. Nikadhani lengo ni zima, wanaochechemea ni watu. Kwa hiyo nikawagawia vipande vya karatasi, tukalikata lengo lao hatua kwa hatua, kila hatua ikapata mwenyewe na siku yake. Naibu akapata kipande kilichoandikwa “kuwaambia akina mama”, Ijumaa ya pili ya mwezi wa tisa.

“Utaweza?” nikamuuliza.

Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Alikikunja kile kipande mara mbili, akakitia ndani ya Biblia yake.

“Sawa, Mwalimu.”

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Ijumaa ya pili ikapita. Jumatatu simu ikalia.

“Si nilikuambia?” alisema Madam.

Nikaona kwamba nilikuwa nimeikaza kamba bila kutazama imefungwa wapi. Kesho yake niliamka mapema nikaenda Kawangware, nisimwambie mtu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Naibu alikuwa tayari mlangoni, leso kiunoni. Akina mama walikuja mmoja mmoja, mtoto mgongoni, mfuko wa nepi mkononi. Wengi wao ni mama fua. Hupita hapo, humfungua mtoto, humpitisha mlangoni kama mtu anayepitisha sufuria ya moto, kisha huelekea kwa miguu kwenye mitaa ya wenye nyumba kubwa upande wa pili wa barabara, kuulizia kama kuna nguo za kufua leo. Niliwahesabu watoto walipokwisha kuingia. Walikuwa kumi na tisa.

“Kaa mpaka saa saba,” Naibu aliniambia. “Ndiyo utaona.”

Nikakaa. Saa saba, mama saba au wanane walirudi wakikimbia, mikono imekunjamana kwa maji, wakaketi sakafuni migongo ukutani, wakanyonyesha. Hawakuzungumza sana. Mmoja alilala hapo hapo mtoto akiendelea kunyonya. Baada ya robo saa wakaondoka tena. Kutoka pale hadi Makina ni mwendo wa saa nzima kwa mguu wa mtu asiyebeba kitu.

Sikuhitaji kuuliza kwa nini hakuwaambia. Nilichouliza ni kingine.

“Lakini Mama, ile siku ya kupitisha lengo, si wewe ndiye uliyeunga mkono? Niliona kwenye kumbukumbu za siku ile.”

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini alifagia.

“Ilikuwa zamu yangu.”

“Zamu ya nini?”

“Ya kuunga mkono. Kwani hawajakuambia? Muulize Katibu.”

Alasiri nikashuka Makina. Katibu alikuwa dukani mwake, kofia kichwani, mguu ukikanyaga cherehani, sare za shule zimerundikana kando. Nilipomwomba daftari zima la kumbukumbu alilitoa kwa furaha ya mtu ambaye hati yake ni nzuri na anajua hivyo.

Nimewahi kuona madaftari mengi. Kila kikundi nchini humu kinajua kwamba jambo halijapita mpaka liandikwe limependekezwa na fulani na kuungwa mkono na fulani. Lakini daftari hili lilikuwa na mpangilio ambao sijauona kwingine. Mkutano huu anapendekeza mtu wa Kibera na kuungwa mkono na mtu wa Kawangware. Unaofuata, anapendekeza wa Kawangware na kuungwa mkono na wa Kibera. Na ndani ya kila upande watu walipokezana, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha wa kwanza tena, ukurasa baada ya ukurasa.

“Hii ni zamu,” nikasema.

“Zamu kabisa!” Katibu aliacha kukanyaga. “Mwalimu, ungetuona tulipoungana. Vita! Watu wa Kawangware wanasema, ‘Kibera ndiyo inapendekeza kila kitu, sisi ni wa kupiga makofi.’ Watu wa Kibera nao, ‘Tukisema jambo hawa wanalikataa tu kwa sababu ni letu.’ Mimi nikakaa hapa hapa, nikafikiria, nikatengeneza orodha. Naibandika mkutano ukianza. Tangu siku hiyo hatujagombana hata mara moja.”

“Na mtu akipata zamu ya kuunga mkono jambo asilolitaka?”

“Ah, hiyo haijatokea.”

“Umejuaje?”

Akaokota uzi kwenye goti lake.

Nataka kumtetea hapa, kwa sababu ilikuwa hila ya upendo. Alitaka pande mbili zisidharauliane, na zikaacha kudharauliana. Lakini kukataa zamu yako katika kamati ile kulikuwa sawa na kukataa kuosha vyombo siku yako imefika: watu wangekuona huna adabu. Kwa hiyo mikono iliinuka kwa heshima, mwaka mzima, na daftari likajaa makubaliano ambayo hakuna aliyejua ni ya nani. Hata Mweka Hazina, kijana wa Makina ambaye jina lake liliandikwa kuwa ndiye aliyependekeza kituo kikubwa, nilipomuuliza alicheka. “Mimi? Mimi nilisoma tu karatasi, Mwalimu. Madam ndiye aliniambia jambo lenyewe, na mimi nilikuwa kwa zamu.”

Basi nikamwomba Madam mkutano mmoja wa ziada, na nikaomba ufanyike Kawangware, saa nane mchana. Hakupenda.

“Huko ni kwake. Ataninyamazia zaidi.”

“Jaribu, Madam. Ukiona haukufaa, nitakuja Makina mara ishirini.”

Sikufikiria jambo moja: saa nane mchana watoto wote wamelala. Tuliingia tukavua viatu, tukapanga viti vya plastiki katikati ya magodoro, na mkutano mzima ukafanyika kwa minong’ono. Nimesimamia mikutano mingi, lakini sijapata kuona chombo bora zaidi cha kuwafanya viongozi wasikilizane. Huwezi kumkatiza mtu kwa mnong’ono. Ukitaka kumsikia lazima umwinamie.

Niliwaomba kitu kimoja. Katibu aifunge orodha yake kwa alasiri hiyo tu. Na kila mtu ajibu swali hili: nyumba hiyo kubwa ikipatikana, ni shida gani itakuwa imekwisha? Niliwaeleza kwa nini nauliza. Lengo ni jibu ambalo watu walilipata siku fulani, na kila mmoja alikuwa akijibu swali lake mwenyewe kichwani. Ukiyajua maswali, unaweza kulinyoosha jibu au kulikunja bila mtu kuvunjika.

Madam alianza. Alitazama magodoro, si sisi.

“Mnajua kile chumba cha kwanza, kabla ya hiki cha sasa cha Makina? Siku moja nilienda sokoni nikarudi, nikakuta mwenye nyumba ameweka kufuli lake. Magodoro yako nje kwa matope. Watoto wameketi juu ya magodoro, mvua inaanza, na msichana wa kuwalea analia kuliko wao. Hakukuwa na karatasi hata moja kati yangu na yule mzee. Nilikuwa nimemwamini mdomo. Nikaapa.” Akatutazama sasa. “Nikiwa na nyumba moja yenye mkataba wa miaka, nitalala. Hiyo tu.”

Hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia hilo la kuapa. Wa Makina walijua kisa, hawakujua kiapo.

Zamu ya Naibu ilipofika (nasema zamu, sina neno lingine) alimfunika kwanza mtoto aliyelala karibu na kiti chake. Kisha akanong’ona, akitazama mikono yake.

“Mimi sikutaka.”

“Hukutaka nini?”

“Kuhama. Sikutaka tangu siku ya kwanza.”

Madam aligeuka na kiti chake. Nimewahi kusikia watu wakipigiana kelele, lakini kelele za kunong’ona huuma zaidi.

“Miezi yote hii! Umeniacha nizunguke nyumba za watu nikiahidi, na wewe hutaki?”

“Uliniuliza lini, Madam?”

“Uliinua mkono! Niliuona kwa macho yangu!”

“Niliinua kwa sababu ya orodha. Ningefanyaje, niwaaibishe watu wa kwangu? Kisha nikija kwako nasema ndiyo, naogopa. Nikija hapa nawaona hawa mama, naogopa. Ile karatasi ya Mwalimu iko kwa Biblia mpaka leo, na kila nikifungua kusoma inanitazama.”

Hapo mtoto mmoja kwenye godoro la pembeni akaamka na kuanza kulia. Shosho akasimama, magoti yakilia kama mlango, akamwokota.

“Si umrudishe kwa godoro tuendelee,” Mweka Hazina akanong’ona. Magodoro yale ni yeye aliyeyanunua, na aliyapenda.

“Huyu halali kwa godoro.”

“Shosho, hiyo ni godoro poa, mpya!”

“Basi lala wewe, ni poa,” Shosho akamjibu, huku akimfunga mtoto mgongoni kwa leso. “Mimi nataka huyu alale. Kama ni kwa mgongo, ni kwa mgongo. Kesho pengine atataka godoro. Nitampigia kura?”

Watu wakacheka kwa kuziba midomo, hata Madam, ambaye alikuwa bado na hasira na hakutaka kucheka. Mtoto alilala kabla Shosho hajamaliza kufunga fundo.

Sikuongeza neno juu ya hilo. Ualimu umenifunza kwamba somo likijileta lenyewe darasani, mwalimu atoke njiani.

Baada ya kicheko Madam aliuliza polepole, na safari hii aliuliza kweli: “Tukiacha nyumba ile, siku nikikuta tena kufuli na magodoro nje, nitamlilia nani?”

“Nyumba ile si lazima tuiache,” Katibu akasema. “Wale ni majirani zangu. Tukichukua vyumba viwili badala ya vinne, kwa watoto wa Makina peke yao, mkataba ni ule ule.”

“Na huku?”

Naibu akainua kichwa. “Mwenye nyumba hii namjua miaka. Sijawahi kumwomba karatasi. Ningemwombaje, na lengo linasema tunatoka?”

Nilimwona Madam akilitafuna hilo. Watu hudhani kiongozi anayeng’ang’ania lengo ana kiburi. Mara nyingi ana hofu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mlango mwingine wa kutokea.

“Nataka kuondoa mkono wangu,” Naibu akasema. “Ule wa siku ile.”

Katibu akashtuka, kalamu hewani. “Kuondoa? Hatuna mahali pa kuandika mtu ameondoa mkono.”

“Tengeneza mahali,” Madam akamwambia. Kisha akamgeukia Naibu. “Na sasa unapendekeza nini? Wewe mwenyewe. Bila orodha.”

“Napendekeza chumba hiki kibaki, tukipata karatasi ya mwenye nyumba. Tusipoipata kabla ya Desemba, tuketi tena tuzungumze. Na twende kwake pamoja, Madam, mimi na wewe. Mimi peke yangu nitasema ndiyo kwa kila kitu.”

“Hiyo najua,” Madam akasema.

Alichelewa kuunga mkono. Alikunywa chai yake mpaka mwisho kwanza, na sikumharakisha. Katibu aliandika jambo ambalo alinionyesha baadaye kwa haya kidogo: Imependekezwa na Naibu, nje ya zamu. Imeungwa mkono na Mwenyekiti, baada ya kubishana.

Sitasema mambo yalinyooka yote. Walikwenda kwa mwenye nyumba mara tatu. Mara ya kwanza hawakumkuta, na mara ya pili alikuwa na wageni. Mara ya tatu aliwaambia atawapa mkataba wa mwaka mmoja, si zaidi, na Madam akatoka amenuna.

“Kwa mwaka mmoja silali,” alinilalamikia kwenye simu. Nyuma yake nilimsikia Naibu akisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia, “Lakini karatasi iko na sahihi, Madam! Soma sahihi!”

Orodha ya Katibu ilirudi ukutani. Nilidhani wangeitupa, wakakataa, na naona walikuwa na haki. Ila sasa, mwenye zamu ya kuunga mkono anaruhusiwa kusema “nipite”, na akisema hivyo mkutano husimama mpaka aeleze. Mikutano yao imekuwa mirefu. Wameanza kugombana kidogo. Ile manila nyekundu nayo bado iko Makina, neno KIMOJA limekatwa kwa mstari wa wino wa bluu, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake ni nini kiandikwe mahali pake.

Wiki ya kwanza ya Desemba nilipita Kawangware asubuhi, kwa sababu nilitaka kuuona mlango ule ukiwa wazi. Ulikuwa wazi. Pembeni mwa Naibu alisimama Madam, leso mpya kiunoni. Alikuwa amekuja kutoka Makina kabla ya jua kwa vile, kama alivyosema, mwenyekiti hawezi kutetea chumba ambacho hajawahi kukifungua. Mama mmoja akafika mbio, beseni kichwani, akamfungua mtoto mgongoni, akamnyooshea Madam. Kisha akasita, asimwachilie.

“Wewe sijawahi kukuona. Ni mgeni hapa?”

“Ni mgeni,” Madam akasema, mikono imenyooshwa. “Leo ndiyo siku yangu ya kwanza.”

Mama akamtazama Naibu. Naibu akaitikia kwa kichwa kuonyesha ni sawa.

“Huyu halali kwa godoro,” mama akamwambia Madam, akamwachia mtoto, akaenda zake.